Habari za Barabara za Dar es Salaam, na Mafundisho Yake Kwetu Dutwa

Mtu akisimama asubuhi kando ya barabara kuu hapa Dutwa ataona mambo ambayo babu zetu hawakuyaona. Magari makubwa yapita yakielekea Lamadi, na mengine yaja yakielekea Bariadi. Pikipiki za bodaboda zapita katikati yao kama nyuki. Mkokoteni wa ng'ombe wajikokota ukingoni na magunia yake. Na watoto wa shule wangoja kuvuka, wameshikana mikono.

Siku moja mtoto mmoja wa darasa langu alivuka peke yake, akagongwa na pikipiki, akavunjika mguu. Nilipokwenda kumtazama nyumbani kwao, baba yake alinikaribisha, akaniuliza neno hili: “Mwalimu, barabara hii ya lami tuliitamani miaka mingi. Je, tulitamani jambo jema ama baya?” Sikuweza kumjibu siku ile. Nilirudi nyumbani nikafikiri kwamba sisi si watu wa kwanza kuulizwa swali hili. Wako waliotutangulia, nao wamelipa gharama kubwa kwa kujifunza. Basi leo nataka kuwasimulia habari za mji wa Dar es Salaam na njia zake, ili tupate jibu la kumpa mzee yule.

Kwanza yafaa tujue kwamba taabu ya njia za mijini si jambo geni duniani. Katika mji wa Rumi wa kale, njia zilikuwa nyembamba na magari ya kukokotwa na wanyama yalikuwa mengi, hata watu wa miguu walikosa nafasi. Julius Caesar alipotawala, ilitolewa sheria, yapata mwaka wa 45 kabla ya Kristo, kuyakataza magari kuingia mjini wakati wa mchana, ila machache yaliyopewa ruhusa. Watu wakapata nafasi mchana. Lakini usiku wakakosa usingizi kwa kelele za magurudumu. Hivyo twaona tangu zamani kwamba dawa ya njia yaweza kuzaa ugonjwa mwingine, isipofikiriwa vema.

Tena katika mji wa London, mwezi wa Desemba mwaka wa 1868, ilisimamishwa taa ya kwanza ya kuongoza magari, karibu na nyumba ya Bunge. Magari ya siku zile yalikuwa ya farasi. Taa ile iliwaka kwa gesi, ikawa na rangi nyekundu na kijani, na askari aliigeuza kwa mkono wake. Haukupita muda mrefu, gesi ikalipuka na kumjeruhi askari, na taa ikaondolewa. Hata hivyo fikira yenyewe haikufa. Leo kila mji mkubwa una taa za namna hiyo, ziwakazo kwa umeme.

Sasa tuje kwetu. Dar es Salaam si mji wa kale kama Kilwa au Bagamoyo. Seyyid Majid, Sultani wa Unguja, ndiye aliyeanza kuujenga katika miaka ya 1860, penye bandari tulivu karibu na kijiji cha Mzizima. Alipokufa mwaka wa 1870, kazi ikalegea. Kisha Wadachi wakaja, na mwaka wa 1891 wakaufanya kuwa makao makuu ya serikali yao. Mwaka wa 1905 wakaanza kujenga reli kutoka pale kuelekea bara. Ikafika Morogoro mwaka wa 1907, Tabora mwaka wa 1912, na Kigoma mwaka wa 1914.

Kabla ya reli, njia zilikuwa za miguu. Wazee wetu Wasukuma na jirani zetu Wanyamwezi walizijua sana, maana walizipita na mizigo mabegani, miezi mingi kwenda pwani na kurudi. Na katika Vita Kuu ya kwanza, watu wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi. Mtaa wa Kariakoo wapata jina lake kwa hao, kwa kuwa kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilikaa pale, na jina lake la Kiingereza likageuka vinywani mwa watu likawa Kariakoo. Kwa hiyo, mtu wa kwetu akishuka leo Kariakoo kununua bidhaa, na akumbuke kwamba anakanyaga mahali palipopewa jina kwa jasho la watu kama babu yake.

Serikali ya Wadachi, na ya Waingereza baada yake, iliupanga mji kwa mafungu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja katikati kuwatenga. Kariakoo ilipimiwa mitaa iliyonyoka. Lakini wapimaji wale waliuangalia mji mdogo waliouona kwa macho yao, hawakuuona mji utakaokuja. Nje ya mji zilikuwako njia kuu nne tu zilizotoka pwani kama vidole vya mkono: ya kaskazini kwenda Bagamoyo, ya magharibi kwenda Morogoro, ya kusini-magharibi kwenda Pugu, na ya kusini kwenda Kilwa. Baina ya vidole hivyo palikuwa na mashamba, minazi na mabonde.

Hapa ndipo penye shina la habari yetu, nami naomba msomaji aangalie sana. Watu walipoongezeka, walijenga kufuata vidole vile, kwa sababu ndiko yalikopita magari. Kisha wakajaza nafasi iliyobaki katikati, kila mtu kwa mahali alipopata, bila kupimiwa mitaa. Njia za kuunganisha kidole na kidole zikawa chache mno. Kwa hiyo mtu aliyekaa kaskazini, akitaka kwenda kusini, mara nyingi ilimpasa aingie kwanza mjini kisha atoke tena. Kiganja cha mkono kikachukua mzigo wa vidole vyote. Zaidi ya hayo, kazi, bandari, maduka makubwa na ofisi zilikuwa katika kiganja hicho. Basi asubuhi watu wote waliingia pamoja, na jioni wote wakatoka pamoja.

Tazameni hesabu ya watu. Mwaka wa 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu yapata 272,000. Mwaka wa 2002 walikuwa karibu milioni 2 na nusu. Mwaka wa 2012 walihesabiwa 4,364,541, na mwaka wa 2022 wakawa 5,383,728. Yaani katika muda wa maisha ya mtu mmoja, mji umekuwa zaidi ya mara kumi na tisa, lakini njia kuu zimebaki karibu zilezile. Ni kama kumvika mtu mzima kanzu ya utoto wake: haiwezekani isipasuke.

Watu hao walisafirije? Zamani za Waingereza kampuni ya mabasi iliyoitwa DMT ilichukua abiria mjini. Mwaka wa 1970 Serikali ikaitwaa kampuni hiyo, na mwaka wa 1974 pakasimama mashirika mawili: UDA kwa usafiri wa mjini, na KAMATA kwa safari za mikoani. Nia ilikuwa njema: nauli iwe ndogo, na maskini apate kusafiri. Lakini bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka wa 1973, kisha vikaja vita vya Kagera mwaka wa 1978 na 1979, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikaadimika. Basi likiharibika, lilikaa. Nauli ndogo haikutosha kununua basi jipya. Watu wakangoja vituoni saa nyingi, na wengine wakapanda magari ya watu binafsi yaliyochukua abiria kwa siri, kinyume cha sheria. Magari hayo yaliitwa “chai maharage”, kwa kuwa abiria walikaa kwenye mabenchi wakitazamana, kama watu walao katika mkahawa.

Mwaka wa 1983 Serikali ilikubali jambo lililokwisha kuwa wazi, ikawaruhusu watu binafsi kuendesha mabasi madogo. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 watu waliizoea kuiita “dala”. Utingo aliita “dala, dala!” na jina la daladala likapatikana. Hapana shaka daladala ziliuokoa mji. Ziliwafikisha watu kazini, na watoto shuleni, na wagonjwa hospitali, wakati ambapo hapakuwa na njia nyingine.

Lakini tuangalie jinsi kazi ile ilivyoendeshwa, maana twaweza kujifunza neno. Mwenye gari kwa kawaida hakumpa dereva mshahara wa mwezi. Alimtaka alete kila jioni fedha maalum, ziitwazo “hesabu”. Zilizozidi ndizo za dereva na konda wake. Ndiyo sababu dereva hakuondoka kituoni mpaka gari limejaa, na likiisha kujaa alikimbia sana ili awahi abiria wengine mbele ya mwenzake. Ndiyo sababu makonda waliwakataa watoto wa shule, kwa kuwa nauli ya mtoto ilikuwa ndogo na mahali alipokaa palikuwa palepale pa mtu mzima. Watu waliwalaumu madereva kwamba hawana adabu. Kweli, wengine hawana. Lakini mtu akipewa kazi ambayo adabu yamtia hasara na fujo yampa chakula, ni wachache watakaochagua adabu siku zote. Atakaye kuutengeneza mwendo wa magari asiishie kuwakemea madereva. Na atengeneze pia namna wanavyolipwa.

Basi njia zikajaa. Watu wakazoea neno “foleni”, lililotoka katika amri ya askari ya kujipanga mstari. Ajabu yake ni hii, kwamba magari yenyewe hayachukui watu sawasawa. Basi refu laweza kuchukua watu yapata 150. Watu haohao wakipanda motokaa, wawili wawili, zatakiwa motokaa 75, nazo zikijipanga zajaza njia mbali sana. Kwa hiyo penye foleni, mara nyingi wachache ndio waliojaza njia, na walio wengi ndio wangojao, wamesimama ndani ya basi, mkono juu, jasho likiwatoka.

Wataalamu waliochunguza habari hii walijifunza kwa miji mingine. Mji wa Curitiba katika nchi ya Brazil ulianza mwaka wa 1974 kuyapa mabasi njia yao peke yao, pasipoingia motokaa. Mji wa Bogotá katika nchi ya Colombia ukafuata kwa namna kubwa zaidi mwaka wa 2000. Wazee wa jiji la Dar es Salaam wakaipenda fikira hiyo, na Serikali ikasimamisha wakala wa kuiangalia kazi, ikakopa fedha kwa Benki ya Dunia. Njia ya kwanza, yapata kilomita 21, ilitoka Kimara kwa barabara ya Morogoro mpaka Kivukoni, pamoja na matawi ya kwenda Kariakoo na Morocco. Mabasi yaendayo haraka yalianza kuchukua abiria mwezi wa Mei mwaka wa 2016. Yalikuwa 140.

Siri ya mabasi hayo si mwendo wa injini. Siri yake ni kutongoja. Njia yake ni katikati ya barabara, hivyo hayazuiwi na foleni. Abiria hulipa kabla ya kupanda, hivyo basi halisimami kwa ajili ya chenji. Na kituo kimeinuliwa kikawa sawa na sakafu ya basi, hivyo mzee, au mama aliyebeba mtoto, aingia bila kupanda ngazi. Mwaka wa 2018 Dar es Salaam ilipewa tuzo kati ya miji ya dunia kwa kazi hiyo, nayo ilikuwa ya kwanza katika Afrika kuipata.

Hata hivyo historia isemwe yote, si nusu yake. Karakana ya mabasi ilijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, na mvua kubwa zilipokuja maji yaliingia na kuharibu mabasi. Mabasi yakapungua, watu wakazidi, na msongamano vituoni ukarudi. Wazee wetu wangaliweza kumwambia mtaalamu yeyote kwamba bonde la mto ni mali ya mto; hata ukilikuta kavu miaka mitatu, mwenyewe atarudi. Elimu ya vitabu ni kitu chema sana, lakini isiache kuwauliza wenyeji wa mahali.

Pamoja na mabasi, yakajengwa madaraja ya kupitisha barabara juu ya barabara. La TAZARA lilifunguliwa mwezi wa Septemba mwaka wa 2018, likapewa jina la mhandisi Patrick Mfugale. Na la Ubungo likafunguliwa mwezi wa Februari mwaka wa 2021, likapewa jina la John Kijazi. Magari yaliyokuwa yakikutana pale, kila mmoja akimngoja mwenzake, yakapita bila kuzuiana.

Lakini sasa nafika kwenye habari ya uchungu, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mwaka wa 2017 Serikali ilitaka kuipanua barabara ya Morogoro kutoka Kimara kwenda Kibaha. Ikasemwa kwamba hifadhi ya barabara mahali pale, kwa sheria za tangu zamani za Waingereza, ni mita 121.5 kila upande. Katika eneo hilo watu walikuwa wamekwisha kujenga nyumba za kuishi, maduka, hata nyumba za ibada. Wako waliokaa miaka mingi, wakazaa na kulea pale. Nyumba zikapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, kisha zikabomolewa, na wengi hawakupewa fidia, kwa kuwa sheria ilisema wamejenga penye ardhi ya barabara. Wengine walishitaki na kulia kwamba hawakuambiwa mapema, au kwamba walikuwa na hati. Sitaki kuwa hakimu wao. Ninalosema ni hili: barabara imepanuliwa, nayo yafaa taifa zima, lakini gharama yake ililipwa na wenye nyumba wale kwa siku chache, kwa sababu ya mambo yasiyotengenezwa kwa miaka mingi. Kama mipaka ingaliwekwa wazi kwa mawe, na kila mtu akaonyeshwa, machozi mengi yasingalimwagika.

Sasa turudi Dutwa. Barabara yetu ya lami, yapata kilomita 72 kutoka Bariadi mpaka Lamadi, ilifunguliwa mwezi wa Januari mwaka wa 2017. Kabla ya hapo, kila mtu akumbuka jinsi udongo mweusi wa mbuga ulivyokuwa wakati wa masika: gari lilizama mpaka mhimili, na mama mjamzito angaliweza kulala njiani. Pamba iliyochelewa kufika ilikuwa hasara ya mkulima. Barabara imetutoa katika taabu hiyo. Lakini tangu ije, sisi nasi twafanya yaleyale waliyoyafanya watu wa Dar es Salaam penye vidole vyao. Kila mtu ataka kibanda chake kiwe karibu na lami kuliko cha jirani. Bidhaa zapangwa mpaka ukingoni. Bodaboda zasimama penye kona. Nyuma ya maduka nyumba zajengwa bila kuacha njia, hata ukipatikana msiba wa moto gari halitapita.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Dutwa ingali mbichi. Yatupasa mambo machache, nayo hayahitaji fedha za Benki ya Dunia.

Kwanza, tujue mpaka. Sheria ya Barabara ya mwaka wa 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kabla ya mtu kuchimba msingi, na aende ofisi ya kijiji au kwa wenye kuangalia barabara, aulize, aonyeshwe kwa kamba. Anayeuza kiwanja kilichomo ndani ya hifadhi amwibia mwenziwe, hata kama wote wawili wametia sahihi.

Pili, mahali tunapojenga nyuma ya barabara, tukubaliane kuacha njia zilizonyoka, zenye upana wa kupishana magari mawili, tena ziunganishwe zenyewe kwa zenyewe. Kila mtu akitoa hatua chache za shamba lake leo, mjukuu wake hatavunjiwa nyumba kesho.

Tatu, gulio na kituo cha magari viwe mbali kidogo na lami. Mnunuzi atatembea hatua mia, naye hatakufa kwa hatua mia.

Nne, watoto wafundishwe kuvuka: kusimama, kutazama kulia, kushoto, na kulia tena, kisha kuvuka bila kukimbia. Na watu wazima waliopanda pikipiki wakumbuke kwamba penye makazi ya watu mwendo uliowekwa na sheria hauzidi kilomita 50 kwa saa. Katika shule yetu tumeanza: asubuhi na mchana mwalimu mmoja husimama kando ya barabara na bendera nyekundu. Ni kitu kidogo, lakini tangu tuanze hapana mtoto aliyeumizwa.

Mtoto yule amepona. Huchechemea kidogo, lakini yuko darasani. Juzi baba yake alikuja kunisalimu, nikampa jibu lake. Nilimwambia: “Mzee wangu, ulitamani jambo jema. Lakini barabara ni kama moto jikoni. Huwezi kupika pasipo moto, wala huwezi kuuacha moto bila mafiga.” Akanyamaza kidogo, akaniambia kwamba kibanda chake cha kuuzia mafuta ya taa kiko hatua chache tu kutoka ukingo wa lami. Kesho yake asubuhi, nilipokuwa nikienda shule, nilimkuta na wanawe wawili wakikisogeza nyuma, nguzo moja moja. Jirani zake walikuwa wamesimama wakitazama. Natumaini hawatatazama tu.